Kinini Nilichokutilia Katika Uji

Mapendo, mwanangu, mama yangu mdogo,

Karatasi mbili nimekwisha kuzichana. Ya kwanza ilianza na salamu za kanisani, nikaona ni uongo, maana weye unajua minye huko naenda kusinzia. Ya pili ilianza na mzaha, nayo nikaichana kwa sababu mzaha wenyewe ulikuwa mtamu mno, na nikianza kwa utamu ule sitafika pale ninapotaka kufika. Hii ya tatu itabaki, hata ikijaa makosa. Niliacha shule sekondari ya tatu, na mwalimu wangu wa Kifaransa alishukuru Mungu kwa sauti siku ile.

Ni saa kumi ya jioni. Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Valizi yako iko mlangoni, imefungwa kamba kwa sababu zipu imekufa. Kesho asubuhi boti inatoka bandari ya Kalundu, hapa Uvira, kwenda Kalemie, na kutoka Kalemie utatafuta njia mpaka Lubumbashi kwa shangazi yako, ukasomee kutibu ng'ombe.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Dawa zako za saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, minye nani nikukumbushe? Weye ndiye unayenikumbusha kinini changu, kidonge changu cha presha. Mambo ya wanaume, shangazi yako atakufundisha, yeye amewafukuza watatu. Maji ya kuchemsha, chandarua, nguo za baridi, hayo mama yako ameyaandika kwenye karatasi yake na kuyapigia mstari. Minye nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka sita.

Naanzia mbali. Unaijua kazi yangu pale bandarini, kuandika mizigo ya watu kwenye makaratasi ya duane, ya ushuru, kitu kwa kitu, jina kwa jina. Wananiita Dekalara kutoka Kalundu mpaka Kigoma. Nimekula ugali wa Mpulungu, nimelala Dubai, nimegombana na askari wa mpaka kwa lugha saba, na zote naziongea nusu. Ndiyo maana najua: mtu akianza kusimulia mbali sana, ujue kuna kitu chini ya mzigo. Basi jua kipo. Nitakifikia.

Ulikuwa na miaka kumi na moja macho yako yalipogeuka manjano. Tumbo likavimba, mikono ikaanza kutetemeka ukishika kalamu. Daktari wa Bujumbura alituambia shaba imejaa kwenye ini lako, mwili wako hauna njia ya kuitoa, na ini limekwisha kuharibika, lazima upewe jingine. Minye nikamwambia, "Dokta, watu wa Katanga wanatafuta shaba na mashine kubwa kubwa, kumbe minye nimezaa mgodi nyumbani?" Hakucheka. Mama yako hakucheka. Weye ulicheka, pale kitandani, na meno yako yakaonekana makubwa kwa vile uso ulikuwa umeisha. Kuanzia siku ile niliamua sitaacha kukuchekesha. Hilo silijutii.

Ng'ombe wa babu yako walishuka kutoka Rurambo wakauzwa, hata yule mwenye doa jeupe ambaye mama yako alimlea. Nyumba yetu ya Kalundu ikaenda, ndiyo maana tunapanga hapa Rugenge. Na minye nikatangaza bandari nzima: "Ini ni langu. Nitamukatia mutoto wangu nusu, na hiyo nusu nyingine itaendelea kunywa." Walinibeba juu juu.

Tukafika Inde. Wakanipima. Yule daktari mwanamke, mfupi, asiyeinua sauti, akageuza ile picha ya mashine ili nami nione. "Ini lako limejaa mafuta, baba. Hatuwezi kulikata." Kila bia niliyowahi kunywa ilikuwa imesubiri siku ile ije kunishitaki mbele ya Wahindi. Mama yako alikuwa amekaa nyuma yangu. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Na minye?"

Ndiyo hivyo ulivyopata ini la mama yako. Na minye nikarudi Uvira, watu wakanipokea kama shujaa, nikaacha waamini ni langu. Wakitaka kuona kovu, nainua shati nawaonyesha lile la ngiri nililokatwa kabla hujazaliwa. Mama yako akiona anasema tu, "Yesu." Hili unalijua, tumelicheka sana mezani. Nimelikumbusha ili ukumbuke anayekuandikia ni mtu wa namna gani. Ni mtu anayependa kuonekana.

Sasa sikia usilolijua.

Kabla ya kuturuhusu kurudi, daktari yule alitukalisha. Alisema kwa Kiingereza, mkalimani akarudia kwa Kifaransa, minye nikarudia kwa Kiswahili kwa mama yako. Kwa hiyo maneno yale yalipita masikioni mwangu mara tatu. Alisema: mwili wa mtoto wenu utaliona ini la mama yake kama mgeni, utataka kulifukuza. Dawa hizi mbili zinawalaza askari wa mwili, atazinywa maisha yake yote. Wagonjwa wengi tunawapa na ya tatu, kortizoni. Kwa mtoto wenu tumeiacha. Badala yake alipigwa sindano siku ya operesheni na nyingine siku chache baadaye, ili askari walale vizuri tangu mwanzo. Tumeiacha kwa sababu bado anakua. Kortizoni inazuia mifupa kurefuka, inaila kwa ndani, inaleta sukari, inavimbisha uso. "Mtaona ni mwembamba," akasema. "Muacheni awe mwembamba."

Nilielewa, Mapendo. Ningekuwa sikuelewa, barua hii ingekuwa fupi.

Lakini kwenye nyumba ya wageni tulipanga na papa mmoja wa Kinshasa, mtu mzima aliyebadilishiwa ini kabla yako. Unamkumbuka, yule aliyekuita "Miss Uvira". Mashavu yake yalikuwa ya mtu aliyetoka harusini. Siku moja tunaanika nguo juu ya nyumba, akaniuliza, "Wako wanamupa dawa ngapi za kulinda ini?"

"Mbili."

"Mbili?"

Basi. Alinitazama vile unavyomtazama mtu aliyepunjwa sokoni na bado hajajua. Ile "mbili?" yake nikaingia nayo kwenye ndege. Nikawa najiambia: yeye ni mtu wa Kinshasa, ana maneno makubwa, wamempa tatu. Minye ni mtu wa Uvira, wamenipa mbili na hotuba.

Tukafika nyumbani, na weye ukawa mwembamba kama daktari alivyosema. Ulikuwa unakula, unaruka kamba, mkojo wako mweupe, macho yako meupe. Vipimo vya Bujumbura vikitoka, daktari wa Inde anavisoma kwenye simu na kuandika, "Vizuri sana." Ulikuwa umepona. Nakuandikia tena kwa sababu minye mwenyewe sikulisoma neno hilo: ulikuwa umepona.

Watu wetu ndio hawakuona. Weye unajua hapa kwetu: mwili ndio cheti. Bibi harusi akikaribia siku yake, mashangazi wanamletea vinini vya kunenepesha ili aingie kanisani na mashavu, maana akiingia mkondefu watasema kwao kuna njaa au kuna ugonjwa. Mama Sifa, yule wa chama cha wamama, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu.

"Papa Mapendo, huyu mutoto mulimupeleka Inde ao mulimupeleka jela?"

"Anapona pole pole, mama."

"Iko anapona wapi? Tunaona mifupa tu. Batu wanasema kule walimutoa vitu mu tumbo, wakauzisha."

Nikacheka. Bandarini nako, mwenzangu mmoja wa kazi akanipiga bega: "Dekalara, ile ini yako haimushike mutoto vizuri. Pengine iko na bia mingi." Wote wakaanguka kicheko, nami nikacheka kuwapita. Nilicheka mpaka nyumbani. Ini halikuwa langu, lakini aibu ilikuwa yangu, maana nilikwisha kujivika. Uongo wangu wa kovu ndio ulionisukuma, mama. Ningekuwa nimesema tangu mwanzo kwamba ini ni la mama yako, wasingekuwa na la kunichoma nalo.

Kesho yake nikaenda kwa mama mmoja sokoni aliyekuwa anapanga vinini kwenye sinia, bila karatasi zake, kama mtu anayeuza njugu.

"Ni ya bibi arusi?"

"Ni ya mutoto wangu."

"Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akasita. Nakwambia kweli, hata yule mama alisita. "Basi nusu. Ponda, tia mu uji ya asubui. Wiki mbili utaona mashavu."

Nikamuuliza, "Hii ni kortizoni?"

"Ni ndugu yake. Lakini huyu iko na nguvu kumupita."

Nilikuwa nimesimama pale na kinini mkononi, na nilijua ni ndugu ya kitu gani. Nikajiambia, daktari wa Inde aliacha ya tatu, minye baba mtu naiongeza, wote wawili tunamtibu. Nikalipa nikaondoka, napiga mluzi.

Unakumbuka uji wa mtama niliokuwa nakupikia kabla ya shule? Majirani walikuwa wanapita kuangalia, mwanaume na mwiko. Mama yako alikuwa anatoka alfajiri kwenda Kiliba kupokea mihogo yake, kwa hiyo jiko lilikuwa langu. Weye ulikuwa unakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, unaniimbia. Ulisema, "Papa, uji wako unashinda wa mama, lakini usimwambie." Sikumwambia.

Wiki mbili, mashavu yakaja. Mwezi, uso ukawa mviringo kama mwezi wenyewe. Jumapili nikakuvalisha gauni la manjano, nikakupitisha katikati ya kanisa kutoka mlango mpaka benchi la mbele, ingawa tungeweza kuingia kwa mlango wa pembeni. Mama Sifa akapiga vigelegele. "Sasa ndiyo mutoto!" Nikavuta pumzi kama mtu aliyelipwa deni. Nilitaka watu wakuone umepona kuliko nilivyotaka upone. Nimetafuta njia nzuri zaidi ya kusema hilo, sijaipata.

Mjinga nikapiga na picha, nikaituma Inde. Majibu yakarudi siku ile ile: "Uso wake. Je, kuna mtu anampa kortizoni?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu watu wa duane, haraka, na kicheko, na kitu kizuri pembeni cha kuwageuza macho. Nikaandika: "Hapana, daktari. Ni ugali na ndagala za Ziwa Tanganyika! Njoo Uvira tukunenepeshe na weye." Akanitumia kile kiuso kinachocheka. Amini usiamini, nilikionyesha kwa watu.

Uliendelea kuunywa uji ule mwaka mzima na zaidi. Wenzako darasani walirefuka, weye ulibaki. Nikasema umerithi ufupi wa upande wa mama yako, na kumbe wajomba zako wa Rurambo wote wanainama mlangoni. Halafu kiu ikaanza, unakunywa jagi zima, unaamka kukojoa mara tatu. Bujumbura wakapima, sukari iko juu. Daktari wa Inde akafikiri ni dawa yako kubwa ya kulinda ini inayoleta sukari, maana nayo inaweza. Akaipunguza. Alifanya sawa kwa alichokijua. Alichokijua nilikuwa nimekichagua minye.

Kisha zikaja zile siku za risasi. Soko likafungwa, yule mama wa sinia akakimbilia ng'ambo, kinini kikaisha. Nikafurahi hata, nikasema basi, mashavu yapo, tuache. Sikujua kwamba mwili uliozoea kitu kile unasahau kujitengenezea cha kwake, na ukiukatia ghafula unaanguka. Siku ya nne ulitapika, ukasimama mlangoni ukaita "Papa," ukaanguka na kikombe mkononi. Wiki iliyofuata macho yakarudi manjano.

Unaikumbuka safari ya Bujumbura, kichwa chako kwenye mapaja ya mama yako. Usichokikumbuka ni kile chumba cha daktari, maana ulikuwa umeunganishwa na mashine. Daktari alisema mwili wako unalishambulia ini. Alisema kiasi cha dawa ndani ya damu yako kiko chini sana, chini hata kwa dozi ile ndogo. "Ama hanywi dawa zake, ama kuna kitu kingine kinaingia. Mnampa kitu kingine chochote? Cha miti? Cha sokoni?"

Mama yako aliinuka kwenye kiti. "Naapa mbele ya Mungu, hapana." Akanigeukia, kama anayempa mwenzake zamu.

Nami nikasema, "Hapana."

Neno moja. Maisha yangu yote sijawahi kumjibu mtu kwa neno moja.

Daktari akaandika kwenye faili lako kwamba mgonjwa hanywi dawa zake inavyotakiwa. Akatuambia kwa upole kwamba watoto wa umri wako wanachoka, wanatupa, tusikukasirikie sana. Wakakutia kortizoni kwenye mshipa, nyingi, siku tatu, kwa sababu ndiyo inayozima vita ya namna hiyo. Nilisimama kwenye ukuta nikiangalia ile chupa inadondoka. Kitu kile kile. Mkononi mwa anayekijua kilikuokoa, na wakakipunguza pole pole miezi mingi mpaka ukarudi kwenye dawa zako mbili.

Tuliporudi nyumbani ulikuwa hujapata nguvu za kubeba sahani. Mama yako alingoja wageni waondoke, akafunga mlango. "Nilijikata nyama yangu nikakupa. Weye unaitupa mu choo?"

"Mama, minye sikutupa. Hata siku moja."

"Munganga wa Bujumbura ni muongo?"

"Sikutupa!"

Akakupiga. Kovu lake lilikuwa bado linamuuma akiinua mkono, na aliinua. Minye nilikuwa hapo. Nikasema, "Inatosha, mama Mapendo," kwa sauti ya mtu mwema.

Halafu ukaja nyuma ya nyumba niliko, ukakaa karibu yangu. Ukaniuliza, "Papa, na weye unaamini nilitupa?"

Nikakwambia, "Hapana. Minye nakuamini."

Ukanishika shingo. Ukalia, ukasema, "Weye peke yako." Miaka yote hii, ukigombana na mama yako, unamwambia: angalau Papa aliniamini. Uliandika hata kwenye ile kadi ya siku yangu ya kuzaliwa, ile niliyoionyesha bandari nzima. Mapendo, nilikuamini kwa sababu nilijua nani alifanya. Haikuwa imani. Hata jiwe lingeamini.

Niliendelea kuishi juu ya hiyo kadi. Nyonga ilipoanza kukuuma, miaka miwili baadaye, na picha ikaonyesha kichwa cha mfupa kimekufa na kuporomoka kwa ndani, ulisema, "Ni ugonjwa wangu tu, Papa, usihuzunike." Ulinifariji weye. Nikaenda peke yangu kwa mama mmoja mwenye farmasi Bujumbura, nikamwambia kuna jirani yangu, alimpa mtoto wake vinini hivi na hivi, mwaka na zaidi, mtoto mwenyewe amebadilishiwa ini, nikamsimulia yote yaliyompata. Akaacha kuhesabu alichokuwa anahesabu.

"Huyo jirani yako alimwambia munganga?"

"Hapana."

"Mzee, kinini kile kinafukuza dawa ya ini itoke mwilini haraka. Ndiyo maana damu ilionyesha kidogo. Mtoto alikuwa anakunywa vizuri. Na mifupa, na urefu, na sukari, ni hicho hicho. Mwambie jirani yako aende akaseme, leo."

"Nitamwambia."

Akanitazama. Alijua. Nikanunua panadol ili nisitoke mikono mitupu.

Miaka mitatu imepita tangu siku ile. Nikikuona unashuka ngazi za kanisa kwa upande, umeshika ukuta, nawaambia watu utani juu ya mwendo wako wa kifalme, na weye unacheka pamoja nami. Nilidhani huo ndio upendo, kukufanya ucheke juu ya jeraha nililokupa.

Kwa nini leo? Kwa sababu juzi nilikuwa napanga makaratasi yako ya kumpelekea daktari wa Lubumbashi, si unajua kazi ya makaratasi ni yangu, nikakutana na ule mstari. Hanywi dawa zake inavyotakiwa. Umetoka faili hadi faili, kila daktari ameunakili. Utafika kule mgeni, daktari mpya atausoma kabla hajakuona uso. Na ikitokea siku moja, Mungu apishe mbali, ini hili likachoka na weye ukahitaji jingine, kuna watu watakaa mezani kuamua nani apewe, nao watausoma. Watasema, huyu alipewa la mama yake akalitupa. Weye ambaye siku ya harusi ya binamu yako uliacha keki mezani kwa sababu saa mbili ilikuwa imefika. Ningeandika uongo wa namna hiyo juu ya gunia la chumvi la mtu, ningefukuzwa kazi.

Leo asubuhi nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua ndagala. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza hadithi. Hakuacha kuchambua. Alimaliza beseni. Kisha akasema, "Siku ile nilimupiga na mukanda wako."

Nikasema ndiyo.

"Niliapa mbele ya Mungu."

Nikasema ndiyo.

Akanawa mikono muda mrefu. "Andika. Yote. Na usimuchekeshe, Papa Mapendo. Mara hii usimuchekeshe." Nilikuwa nimepanga kuificha barua kwenye valizi, chini ya vitenge, uisome ukiwa katikati ya ziwa ambako sitauona uso wako. Alinisoma. "Haitaingia mu valizi. Utamupa mu mukono, leo, kabla ya chakula. Na minye nina yangu ya kumuomba, usiseme kwa niaba yangu." Yuko chumbani.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya Kifaransa, ya daktari wa Lubumbashi. Nimeiandika kwa msaada wa yule mama wa farmasi, nilimpigia simu, nikamwambia jirani ni minye. Imeandikwa kinini gani, tangu lini mpaka lini, nani alikitoa, nani alijua, na kwamba mtoto hakujua na hakuacha dawa zake hata siku moja. Jina langu liko chini, lote, si la utani. Nakala nimeituma Inde, na nyingine kwa daktari wa Bujumbura aliyeuandika ule mstari kwa mara ya kwanza, nikamuomba aukate. Mpe daktari mpya karatasi hii kabla hajafungua faili. Usinionee huruma ukaibakiza.

Ushauri sina mwingi. Kitu kimoja nimekijua kwa bei kubwa, na bei umeilipa weye kwa ajili yangu: kile ambacho daktari yule aliacha kukupa, nacho kilikuwa dawa. Niliona tundu, kumbe lilikuwa dirisha ameliacha wazi upitie ukue. Huko unakokwenda watakutazama mwili wako wakusemee, watakuletea vitu vya kunywa kwa upendo, na wengine watakuwa wanakupenda kweli, kama minye. Upendo wao usiukubali bila kuuliza umewekwa nini ndani.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiwa na haraka ya kunisamehe kwa sababu boti ni kesho, utakuwa umenisamehe kwa ajili ya safari, na hiyo itaisha Kalemie. Chukua muda wako. Chukua miaka kama minye nilivyochukua yangu. Kama kesho hutaki niibebe valizi, jirani yetu ataibeba, nimeshamuomba. Kama hutaki nifike bandarini, itakuwa mara ya kwanza boti kuondoka Kalundu bila minye kupiga kelele, na watu watauliza, nami nitawaambia kwa nini. Nitawaambia na habari ya ini pia.

Kadi yako nimeiweka juu ya barua hii. Uliiandika kwa mtu mwingine. Ichukue, au ichane, au niachie, weye ndiye unayejua.

Nakupa bahasha hii, halafu natoka nakaa nje pale kwenye ngazi. Siendi baa, siendi kwa jirani. Ukimaliza kusoma, toka useme unachotaka, kwa sauti unayotaka, hata mtaa mzima ukisikia. Minye sitasema kitu. Leo weye ndiye unasema.

Baba yako,
Papa Mapendo